Mgongo Mweupe

Kila Jumamosi saa nne asubuhi, wanaume sita wenye kazi nzuri na vitambi vya kutosha walikutana kwenye duka la santuri na kuvua viatu mlangoni. Mwenye duka alikuwa ametandika zulia na hakutaka vumbi. Yeye mwenyewe alivaa glavu nyeupe za pamba tangu alipofungua kufuli mpaka alipolifunga, na mtaa mzima ulimwita Glavu. Hakuchukia. Alidhani ni heshima.

Mzee Gundi hakuwa mwanachama wao. Ili uwe mwanachama ilibidi uwe na santuri, naye hakuwa na hata moja. Walimruhusu kuketi kwenye kigoda karibu na mlango kwa sababu ya pua yake. Miaka sita alikuwa kwenye kiwanda cha santuri, meza ya majalada, akibandika karatasi zilizochapwa juu ya kadibodi. Ukimpa jalada lolote la zamani alilinusa ukingoni, akakwambia kama ni la kiwandani kwao au ni la kughushi. Kiwanda chao kilitumia gundi ya unga wa ngano, na unga, hata ukikaa miaka mingapi, haupotezi harufu.

Alijaribu mara nyingi kuwasimulia habari za kiwanda: vidole vilivyokatika, choo kimoja cha watu mia mbili, mgomo. Walitikisa vichwa kama watu wanaosubiri mvua ikatike, kisha mmoja akauliza, "Lakini mzee, mwaka ule kadibodi ilikuwa ya kijivu au ya kahawia?"

Jumamosi hiyo kulikuwa na shangwe. Glavu alikuwa amechapisha toleo jipya la santuri aliyoipenda kuliko mkewe. Ya asili wakusanyaji waliiita Mgongo Mweupe, kwa sababu jalada lake lilikuwa na picha ya kinanda mbele, na nyuma hakuna kitu. Hakuna jina la mwimbaji wala mpigaji. Hata lebo ya katikati iliandikwa majina ya nyimbo na namba tu. Zilijulikana nakala tatu dunia nzima, na moja ilikuwa ya Glavu, kwenye kabati la kioo lenye taa yake peke yake.

Boksi likafunguliwa. Mtu angedhani wanapokea mtoto mchanga, jinsi walivyolizunguka. Lakini hazikupita dakika mbili, furaha ikageuka msiba.

"Kona imebonyea," alisema daktari wa meno. Alikuwa na tabia ya kuja na kioo chake kidogo cha mpini, kile cha kuchungulia magego, na sasa alikuwa amekitumbukiza ndani ya jalada. "Na huku ndani kuna tone la gundi. Tone zima!"

"Mshono wangu umepasuka," alilia mwanasheria. "Ona. Santuri imecheza njiani ikaukata. Hii si santuri tena, hii ni msumeno."

"Na weupe wa mgongo," alisema daktari. "Samahani, Glavu, lakini huu si weupe wenyewe. Ule wa asili una umaziwamaziwa. Huu ni weupe wa beseni."

Glavu alikuwa anatoka jasho. "Mzee Gundi, hebu nusa, uwaambie."

Mzee Gundi akanusa. "Inanuka ndala mpya," akasema, akaligeuza. Nyuma kweupe. Aliutazama ule weupe muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Na huku hamkuandika chochote?"

"Kuandika?" Glavu alicheka kwa huruma. "Mzee, huko ndiko roho yake iliko." Akatoa kijitabu kilichokuja na toleo, alichokiandika mwenyewe, akasoma kwa sauti ya mtu anayefungua mkutano: "'Mgongo huu mweupe ni uamuzi wa kisanii uliotangulia wakati wake. Mwimbaji alichagua ukimya. Jina lake halijulikani na pengine halitajulikana kamwe. Inaaminika alikwishafariki.'"

"Inaaminika na nani?"

"Na watafiti."

"Watafiti ni nani?"

"Ni mimi," alisema Glavu.

Mzee Gundi akasimama. Magoti yalilia. "Huyo mwimbaji yuko nyuma ya soko, anashona sare za shule. Ni mdogo wangu wa kike, tumbo moja. Leo asubuhi nimekunywa naye chai. Kwa mtu aliyekufa, alikuwa na maneno mengi."

Wakaangua kicheko. Mwanasheria alijifuta machozi, akauliza, "Ushahidi, mzee wangu?"

"Uko mle." Akanyoosha kidole kwenye kabati la kioo. "Ile karatasi ya nyuma haikuwa tupu. Ilibandikwa uso ndani. Majina yote yamelala kwenye kadibodi. Teleka birika, nipe mvuke wa robo saa, nikubandulie uyasome. Gundi ya unga inaachia."

Kicheko kilikatika kama redio iliyochomolewa. Glavu alisogea, akasimama mbele ya kabati, mikono nyuma, kama mlinzi wa benki.

"Unataka kuiweka Mgongo Mweupe juu ya birika?"

"Kuna jina la mtu chini yake."

"Sawa, tuseme lipo," alisema Glavu taratibu, kama anayemweleza mtoto. "Ikiwa na jina, mzee, inakuwa santuri kama santuri nyingine. Nani ataitaka?"

Wengine wakaitikia kwa vichwa. Ndiyo, nani?

"Lakini mimi ni mtu wa haki," Glavu akaongeza, akiwa ameshapata pumzi. "Niletee jalada lenye jina. Nionyeshe kwa macho yangu haya. Toleo la pili nitaliandika." Alisema hivyo kwa wepesi wa mtu anayejua kwamba mbili zilizobaki ziko ng'ambo ya bahari.

Mzee Gundi akachukua kijitabu, akakikunja mfukoni, akavaa viatu vyake, akatoka.

Njiani aliwatukana wote, mmoja mmoja, kwa mpangilio. Watu wazima wanalia kwa sababu ya kona iliyobonyea! Wana masikio mawili kila mmoja, na kutwa nzima wanatazama karatasi. Mwanamke anawaimbia hadi mishipa ya shingo imtoke, wao wanapima weupe wa mgongo.

Alitukana mpaka kwenye kona ya soko, na hapo matusi yakamwishia. Zilijulikana tatu, lakini yeye aliijua ya nne. Ilikuwa chini ya meza ya cherehani ya mdogo wake, imefungwa kwa kitambaa cha sare. Na ili aiweke hiyo juu ya birika, ilimbidi aseme jambo ambalo alikuwa amelimeza kwa miaka arobaini na moja.

Ilikuwa hivi. Wafanyakazi walikuwa wamedai choo cha pili na kinga za mashine, na mabosi wakajitia hamnazo. Meza ya majalada ikakubaliana mgomo baridi: kazi isisimame hata dakika, ila kila karatasi ya nyuma ibandikwe uso ndani. Wazo lilikuwa la Gundi. Alikuwa na miaka ishirini na minne na kichwa kimevimba. Jumatatu wakabandika hivyo, Jumanne hivyo, na Jumatano likaja mezani fungu jipya. Juu yake, kwa herufi nene, jina la mdogo wake wa miaka kumi na tisa, la kwanza na la baba yao. Wenzake wote waliinua macho wakamtazama.

Akalibandika uso ndani. Alijiambia kwamba kufikia Ijumaa mabosi watapiga magoti, kila kitu kitarudiwa upya. Ijumaa mabosi walipeleka majalada meupe madukani vilevile yalivyo, kwa kukomoa, na Jumamosi wakafunga kiwanda. Hakuna aliyenunua. Santuri zilizobaki ziliyeyushwa zikawa vifungo.

Na mdogo wake alipomjia na nakala aliyopewa na msimamizi, ameishika kwa mikono miwili, akauliza, "Kaka, jina langu liko wapi?", alimjibu, "Mabosi wamelifuta. Ndivyo walivyo."

Binti alizunguka na santuri ile kwenye kumbi na mabendi. Kila mahali waligeuza jalada, wakatazama weupe, wakamtazama yeye. Unasema wewe ndiye umeimba? Umeandikwa wapi? Mwaka uliofuata akanunua cherehani.

Alimkuta sasa na futi ya kupimia shingoni na pini nne mdomoni. Akampa kijitabu. Alikisoma bila kuzitoa pini.

"Kumbe nimekufa," akasema. "Na wewe mazishini hukuja?"

"Wanasema nikileta jalada lenye jina, wataliandika."

"Lenye jina? Si ndilo walilolifuta mabosi wako, wale mbwa?" Akacheka. "Kaka, ukizeeka unarudi nyuma."

"Teleka birika," alisema Mzee Gundi. "Na hiyo yako itoe."

"Ya nini?"

Akaanza kueleza habari za mgomo, choo, mshikamano, hali ilivyokuwa wakati ule. Mdogo wake akazitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye mto wake mdogo.

"Kaka, mimi si mkutano wa hadhara. Sema."

"Mabosi hawakufuta jina. Mimi ndiye niliyeligeuza. Nililiona, nikaligeuza."

Mdogo wake alikaa akimtazama kama anavyotazama kitambaa kilichokatwa vibaya, akihesabu kama kinaokoleka.

"Miaka arobaini na moja," akasema mwishowe, "umenipa watu wa kuwachukia. Nimewachukia vizuri. Kuna usiku nimewalaani mpaka wajukuu zao. Na mtu mwenyewe alikuwa anakuja hapa kila asubuhi, anataka sukari vijiko vitatu."

Mzee Gundi, aliyewahi kujibu mabosi, polisi na hakimu kwa siku moja, akaokota kipande cha kitambaa sakafuni, akakikunja.

Mdogo wake akainama, akaitoa santuri, akaifungua kitambaa. Akateleka birika. "Bandua."

Akaibandua ile karatasi ya nyuma. Mikono ilikumbuka: unaanzia ukingoni, huvuti, unauacha mvuke ufanye kazi. Karatasi ikaachia polepole na harufu ya unga ikajaa chumbani. Jina la kwanza lilitoka zima kwenye karatasi, jeusi, kama limechapwa juzi. Jina la baba liligoma, likabaki kwenye kadibodi, wino umegeuka kushoto kulia.

Mdogo wake alilisoma la kwanza kimya, akililamba kwa macho herufi moja moja. Kisha akasema, "Korogea unga kwenye lile kopo. Gundi yako ile ile."

"Ya nini tena?"

"Umeambiwa uulize, au umeambiwa ukoroge?"

Wanachama walikuwa bado wako dukani, wanabishana kuhusu tone la gundi. Mwanamke akaingia na viatu vyake miguuni, Mzee Gundi nyuma yake. Glavu akafungua mdomo kumkemea, akaona alichobeba, akausahau wazi.

"Mmeichana!" alipiga kelele daktari. "Mgongo Mweupe! Ya nne! Na mmeichana!"

"Soma," mwanamke alimwambia Glavu, akaweka karatasi kwenye kaunta.

Glavu akaichukua kwa vidole vyake vyeupe. Karatasi ilikuwa bado mbichi na gundi ya zamani ikaganda kwenye pamba. Akavuta, ikamng'ang'ania. Ilibidi atoe mkono, glavu ibaki. Kilikuwa kimkono kidogo, cheupe kama tumbo la mjusi, na wenzake wakageuza nyuso kama waliomwona bila nguo.

"Soma."

Akasoma jina la kwanza. "Na… na la pili limekatika."

"Liko kwenye kadibodi, limegeuka. Wewe wa meno, lete kioo."

Daktari akakileta bila kupenda. Akakisogeza juu ya kadibodi, na ndani ya kile kioo kilichozoea magego yaliyooza, jina la baba yao likanyooka. Daktari mwenyewe ndiye aliyelisoma, kwa sauti ndogo.

"Marehemu anawasalimu," alisema mwanamke. "Toleo la pili. Andika, nikuone."

Glavu akaandika kwa ule mkono mtupu, majina mawili, mwanamke akimsimamia herufi kwa herufi. Lakini alipomaliza macho yake yalikuwa yamerudi kwenye jalada, na mwanasheria alikuwa ameshaanza kunong'ona: hii sasa ni ya pekee kabisa duniani, iliyofunguka, hakuna nyingine. Wote sita wakasogea. Ilikuwa kasoro mpya, nzuri kuliko ile ya kwanza.

Mwanamke aliwaona. Akalitoa kopo la gundi kwenye mfuko, akaligonga juu ya kaunta.

"Kaka. Bandika. Uso juu."

"Usibandike!" alilia daktari. "Mama, tafadhali, ukibandika itakuwa ya kawaida!"

Mzee Gundi akapaka gundi kwa kiganja, akalaza karatasi, akaisawazisha kutoka katikati kwenda pembeni kama alivyofanya mara elfu ngapi sijui. Mdogo wake hakuwa anatazama jalada. Alikuwa anatazama mikono. Alipomaliza, Mzee Gundi akarudi nyuma hatua moja, akangoja.

Mwanamke akaitoa futi shingoni, akapima ukingo wa juu, akapima wa chini.

"Imepinda," akasema. "Toa. Rudia."