Zege Juu ya Mfereji

Kwanza yalisikika majembe. Ko. Ko. Ko. Yaligonga kutoka chini, taratibu, kama mtu mwenye adabu anayebisha hodi kwa jirani na hataki kuamsha watoto. Ilikuwa Jumamosi, ukungu wa Kibosho haujabanduka kwenye migomba, na Basili alikuwa bado kitandani. Alimgusa mkewe begani.

"Stella, wamefika."

"Nimewasikia," Stella akasema, akavuta blanketi. "Leo zamu yako kubandika chai."

Basili akabandika sufuria kubwa, akatoka nje. Katikati ya ua, kati ya gereji na lango, zege lilikuwa linainuka kama ukoko wa wali unaobanduliwa kwa mwiko. Likapasuka. Mkono ukatoka, ukapapasa, ukaweka kipande kando kwa uangalifu kisije kikamwangukia mtu. Kisha akatoka Babu Wenseslaus, baba wa baba yake, aliyezikwa kihambani, kwenye shamba la migomba la ukoo, Basili akiwa darasa la tatu. Alivaa koti lile lile la maziko, suruali ameikunja hadi magotini. Nyuma yake wakatoka wenzake wa kamati ya mfereji, marehemu wote, wakijikung'uta vumbi la saruji.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba," wakaitikia kwa pamoja. Babu akalitazama zege, akamtazama mjukuu. "Umeongeza unene."

"Kidogo tu, babu."

"Tumeona."

Mfereji huo ulipita hapo kabla hapajawa na ua wala lango. Ulitoka korongo la juu, ukapita kwa Basili, ukaishia chini kwa shangazi yake Kornelia, binti wa mwisho wa Babu, ambaye mzee alimpa kipande chake cha kihamba kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya ukoo. Basili alipojenga, alitaka mahali pa kugeuzia magari yake ya watalii bila matope, akaumwagia mfereji zege. Maji yenyewe hakuyatupa. Nyuma ya uzio wa juu alichomeka bomba, akayaelekeza kwenye tangi jeusi, na hayo ndiyo yaliyokuwa yakiosha magari. Kwa Kornelia kikabaki kijia cha vumbi. Siku hizi anashuka korongoni na ndoo, anapanda akipumzika kila mahali penye jiwe la kukalia. Basili alishamweleza kwamba mvua zimepungua.

Kwamba marehemu wanatoka ardhini kusafisha mfereji, hilo halikumsumbua mtu. Zamani Jumamosi pembe ilipigwa na kila nyumba ikatoa mtu mwenye jembe. Sasa Jumamosi watu walio hai wanakwenda misibani, hawana nafasi. Waliokwisha kuzikwa hawana msiba wa kuhudhuria, kwa hiyo nafasi wanayo. Katekista alipoulizwa alisema haoni shida, mradi wamalize kabla ya Dominika. Kwa kosa la kufunika mfereji walimtoza Basili debe la mbege, pombe ya ndizi na ulezi, kama ilivyo desturi. Wakalinywa, wakasema ulezi haukutosha, shauri likaisha.

Shida ya Basili ilikuwa zege. Kulivunja kuliwachukua wazee asubuhi nzima, na jua la saa sita liliwachosha, wakarudi zao kabla hawajavuka ukuta wake. Wakiondoka waliacha ua umekuwa kama shamba la viazi. Jumatatu dereva alizamisha gurudumu humo, mtalii akashuka kupiga picha.

Ndipo akaitwa Fundi Filemon kutoka Majengo, Moshi mjini. Fundi alichuchumaa, akagonga zege kwa nyundo, akatega sikio.

"Bosi, hapa njia ni mbili. Tuzibe viraka, au tufumue lote tumwage upya."

"Ipi nzuri?"

"Viraka ni vizuri kwangu, maana nitarudi kila Jumatatu. Kufumua ni kuzuri kwako." Akafikiri. "Ila nitarudi pia."

Walianza na viraka. Ua ukawa kama kaptura ya mchunga mbuzi, na wazee wakatokea katikati ya kiraka kipya kabisa, bila kinyongo. Wakafumua lote, wakasuka nondo, wakamwaga kokoto mpaka jirani akauliza kama panajengwa daraja. Jumamosi ikafika. Babu alitoka akilalamika kwamba nondo zimemchania koti. Alilivua, Stella akalishona huku mzee akinywa chai na shati tu, mgongo ukitoa harufu ya udongo wa mvua.

Siku hiyo Kornelia alipanda na ndoo yake tupu. Alimwamkia baba yake, mzee akakipokea kichwa chake mikononi kama cha mtoto, kisha akamsogelea Basili penye rundo la mchanga.

"Nasikia mnabishana kuziba au kufumua."

"Ndiyo, shangazi."

"Ipo ya tatu. Ondoa zege, acha maji yapite."

"Na magari yageukie wapi?"

"Kumbe. Magari yako yanakunywa, ng'ombe wangu anayatazama."

Fundi Filemon alijifanya anahesabu kokoto. Stella akamvuta Kornelia pembeni, akamuuliza kwa sauti ya chini kwa nini hamwambii Babu habari ya tangi.

"Baba yangu alikufa kwa moyo," Kornelia akasema. "Sitamuua mara ya pili."

Na Babu asingejua mwenyewe. Siku ya kusafisha maji hufungwa juu ili watu wafanye kazi, na mfereji mkavu siku hiyo si ajabu. Kazi ikifika mwisho kabisa, mzee wa mfereji huita, "Achieni maji!" Nyumba inayofuata hupokea ule mwito ikaupandisha, nyumba kwa nyumba, mpaka korongoni. Lakini kazi haikuwahi kufika mwisho. Na sehemu ya juu, yenye bomba la Basili, ilikuwa na kamati yake, ambayo wajumbe wake bado wako hai, ndiyo maana hawaonekani.

Dawa ya zege aliileta fundi mwenyewe, baada ya kushindwa kulala. Mfereji uachwe wazi chini, juu uwekwe vifuniko vya zege vyenye mishikio ya chuma. Gari linapita juu. Marehemu anasukuma kwa chini. Hakuna anayevunja cha mwenzake.

Basili alifurahi mpaka akamwongezea nyama kwenye mtori wake wa ndizi. Kornelia naye aliposikia mfereji unachimbuliwa alipanda bila ndoo.

"Na maji je?"

"Hatua kwa hatua, shangazi. Kwanza zege."

Jumamosi iliyofuata hapakuwa na ko, ko. Kifuniko kilisuguana, kikakaa pembeni, Babu akatoka safi kama mtu atokaye kanisani. Alikipapasa kwa kiganja, akakinyanyua, akakirudisha. Wenzake nao wakajaribu mmoja mmoja.

"Huyu mjukuu ana heshima," mmoja akasema.

"Aika mbe," Basili akashukuru, na kwa kweli kifua kilimjaa.

Walimaliza pale uani chai haijachemka. Wakainama, wakapita chini ya ukuta, wakaendelea kuteremka. Basili hakuwa amelifikiria hilo. Alikuwa ameanza kuosha gari, mpira mkononi, alipotambua kwamba majembe yanasikika upande wa pili, kwa Kornelia, halafu hayasikiki tena.

"Achieni maji!" Babu akaita kutoka chini.

Nyumba iliyofuata ilikuwa ya Basili. Alifunga koki ya mpira haraka, maana si adabu kumwaga maji wazee wakiwa kazini. Mpira ukaendelea kudondosha, akaukanyaga. Stella alisimama mlangoni na birika, akimtazama mumewe mdomoni. Mdomo haukufunguka.

"Achieni maji!"

Ng'ombe wa Kornelia alilia kidogo, akanyamaza. Basili alichungulia kwenye tundu la ukuta. Wazee walikuwa wamejipanga kando ya mfereji, ambao ulikuwa umechongwa ukang'aa, na wote walikuwa wanatazama juu.

"Kornelia," Babu akasema, "mbona hayaji?"

Kornelia aliutazama ukuta, pale pale penye tundu.

"Yamechelewa tu, baba."

"Ni jirani zetu wa Machame wametuzibia?"

"Si Machame, baba."

Jua lilikuwa linakaribia utosini, na wazee walishaanza kufifia machoni. Babu alikunja mguu mwingine wa suruali, akaweka jembe begani, akamshika binti yake mkono.

"Usihangaike, mwanangu," akasema kwa sauti ambayo Basili aliisikia vizuri, mguu wake ukiwa bado juu ya mpira. "Jumamosi tutakuja tena. Tutasafisha mpaka yafike."