Nta Chini ya Kisanduku

Bi Hedvika aliapa kwamba alimwona Jarmila kwa macho yake mawili. Jumamosi asubuhi, ukungu haujainuka, Jarmila alipita chini ya dirisha lake akielekea Mlima wa Msalaba, kapu la uyoga mkononi, akigeukageuka nyuma kama paka aliyeiba jibini.

"Uyoga, mwezi wa tatu," alisema Bi Hedvika, akiegemea ufagio wake ngazini. "Theluji bado iko mitaroni. Ananiona mimi mtoto?"

"Labda alikwenda kusali."

"Na kapu? Mimi simsemi mtu, Bohdana. Nasema nilichokiona. Alishuka magoti yamejaa tope."

Bohdana alimshukuru, akapanda kwake, akafunga mlango polepole.

Kapu halikuwa fumbo kwake. Wasakaji wa visanduku, wachezao mchezo wa kutafuta visanduku vilivyofichwa na wenzao, wote hubeba kapu. Simu hukuonyesha karibu na kilipofichwa, na mtu akikukuta umepiga magoti kichakani, basi unaokota uyoga, na hapa kwetu hakuna anayemuuliza mwokota uyoga ameuona wapi. Jarmila alilibeba kwa mazoea tu, akasahau kuwa ni mwezi wa tatu. Fumbo lilikuwa jingine: kisanduku cha Bohdana mwenyewe kilifichwa mlima huohuo. Jumamosi hiyohiyo adhuhuri simu ya Bohdana ilileta ujumbe: "Kisanduku chako nimekifungua, mama. Kizuri mno." Aliyeandika alijiita Kalunguyeye.

Kukitengeneza kisanduku chenyewe kulikuwa kumemlia majira ya baridi yote. Mti mgumu, mviringo kama sufuria ndogo, hakina tundu wala bawaba. Wazo alilipata kazini, katika chumba cha kufulia cha nyumba ya maji ya tiba, akiitazama mashine ya kukamulia: shuka zikizunguka, maji hukimbilia ukutani. Ndani ya kifuniko akaficha vijiti vya chuma. Ukikivuta, hakiachii. Ukikipindua, hakiachii. Ukikiweka juu ya jiwe bapa ukakizungusha kwa nguvu, vijiti hukimbilia ukingoni, kifuniko kinalegea. Aliyejua siri hiyo ni Jarmila peke yake, maana ndiye aliyekijaribu kabla hakijatangazwa. Na desturi inasema aliyejaribu akishajaribu, hakigusi tena.

Tena kilikuwa na sharti. Yeyote angeweza kukifungua na kutia jina lake, lakini wa kuhesabiwa ni yule tu aliyekwisha kupata kisanduku katika kila mkoa wa Ucheki. Mjini hapo waliolitimiza walikuwa Bohdana na Jarmila, basi. Tangu mumewe amwache, Jumapili zote za Bohdana zilikuwa za Jarmila: treni, mkate na soseji, viatu vilivyolowa, kicheko. Hakuwa na mtu mwingine. Sasa huyu Kalunguyeye katoka shimo gani? Ama Jarmila kamuuzia siri, ama ni Jarmila mwenyewe kajipa jina la pili. Alilala na mawazo hayo, akaamka nayo.

Kazini yeye na Jarmila walikuwa wakilisha shuka kwenye gogo la pasi, silinda ya moto inayozinyoosha, mmoja pembe hii, mwingine ile.

"Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Nyumbani," alijibu Jarmila bila kuinua macho. "Kwani?"

"Siku nzima?"

"Unanipima, shoga?"

"Umeonekana mlimani. Na kapu."

Shingo ya Jarmila iliwiva. "Kumbe Hedvika hajachoka na lile dirisha."

"Kalunguyeye ni nani?"

"Sijui."

"Umemwambia jinsi ya kukizungusha."

"Ukishahukumu, shahidi wa nini tena?" Jarmila akaiachia pembe yake. "Tafuta mwingine wa kushika upande huu."

Bohdana alimalizia shuka peke yake, akikimbia toka pembe hadi pembe. Zote zilitoka zimepinda.

Siku yake ya mapumziko alipanda mlimani na koleo mfukoni. Alikusudia kukata mnyororo mrefu uliokifunga kisanduku mtini, akiondoe, mchezo uishe. Karibu na kikanisa cha juu akasikia watu. Akajibanza ukutani. Mwanamume mwenye udongo kwenye kucha alikuwa amechuchumaa, mkewe pembeni. Aliweka kisanduku juu ya jiwe, akakipa msukumo kwa kiganja. Kifuniko kililegea.

"Nani kakufundisha?" Bohdana akajitokeza.

Mke alikifunika kwa koti haraka. "Tunaokota uyoga."

"Haujaota bado. Mimi ndiye mwenye kisanduku."

Mwanamume akacheka, akanyoosha mkono. "Basi Kalunguyeye ni mimi. Mke wangu hakuniamini, nimemleta aone. Hakuna aliyenifundisha, mama. Mimi mfinyanzi. Kitu cha mviringo kikinifikia, mkono unakizungusha wenyewe."

"Hata sahani ya supu," alisema mke. "Mbele za wageni."

"Na mikoa yote?"

"Vyungu havijiuzi. Hakuna gulio nchini ambako sijalala, na kila nilipolala nimesaka kisanduku." Akakipindua kisanduku. "Ila kwa nta hii nakusifu. Bila yake kingekwaruza jiwe, kisipate kasi."

"Nta gani?"

Kitako kilikuwa kimepakwa nta nyeupe, imesuguliwa hadi ikaingia kwenye nyuzi za mti, bila donge. Bohdana alikinusa. Ilikuwa ile nta wanayopaka gogo la pasi ili shuka zisinate. Siku ya kujaribu Jarmila alimwambia: kinakwaruza, shoga, jiwe litakila. Naye Bohdana akajibu: kisanduku changu, nakijua mwenyewe. Kumbe Jumamosi Jarmila alipanda kuipaka kimyakimya, ingawa desturi ilimkataza.

Alishuka na koleo halijatoka mfukoni, akaenda moja kwa moja hadi jengo la Jarmila, akabonyeza kengele yenye jina lake. Kule juu mkono wa simu ya mlangoni uliinuliwa.

"Jarmila, ni mimi." Alisogeza mdomo kwenye vitundu vya kisemeo cha mlango. "Nimeona ulichokifanya. Nilikukosea." Akangoja. "Nifungulie."

Ndani ya vitundu maji ya bomba yalikuwa yakitiririka. Mlango ukafunguka, lakini aliyetoka ni mpangaji na mbwa wake, akauzuia kwa mguu.

"Unaingia, mama?"

Bohdana alitikisa kichwa, akitaka Jarmila ndiye amfungulie, sikio likiwa pale pale kwenye vitundu. Yule mtu akaondoa mguu. Mlango ukajirudisha taratibu hadi ukabana, na maji yakaendelea kutiririka, Jarmila hajairudisha simu mahali pake.