Waya Usiochomolewa

Vuuu, vuuu. Gizani ilisikika kama nzi aliyefungiwa ndani ya chupa. Umeme ulikuwa umekatika tukiwa bado mezani. Jokofu likanyamaza, redio ya jirani ikanyamaza, na ndipo kisauti hicho kikajitokeza kutoka juu ya kabati la nguo.

"Mgonjwa wako anakoroma," mume wangu alisema, huku akipapasa meza kutafuta kiberiti.

"Mwache akorome. Anayekoroma yu hai."

"Sawa, muuguzi."

Mgonjwa mwenyewe ni kompyuta yangu mpakato, kuukuu, niliyoinunua kwa mtu nilipoanza darasa la jioni la ufundi wa kompyuta. Mume wangu aliiita mgonjwa kwa sababu tangu mvua zilizopita sikuiruhusu itoke kwenye chaja, kama mtu aliyetundikiwa dripu. Yeyote aliyethubutu kuuchomoa waya ule, hata kwa kuchaji simu yake kidogo tu, alinijua siku hiyo.

Ndani yake mlikuwa na sauti ya mama.

Mwalimu alitupa kazi ya nyumbani: kila mmoja amrekodi mtu wa familia akieleza kazi yake. Mama ni fundi cherehani, na enzi zile mdomo wake ulikwenda kasi kuliko sindano. Nikamketisha mbele ya kompyuta Jumapili moja. Akaeleza jinsi ya kukata mkono wa gauni, akawasema wateja wanaovuta tumbo ndani wakipimwa kiuno, akanisema na mimi na pindo zangu zilizopinda. Tulicheka mpaka betri ikaisha. Skrini ikaandika kwamba inaweka kila kitu na kwenda kulala, kisha ikazima. Rekodi nilikuwa sijaihifadhi. Nikasema moyoni, kesho.

Kesho yake mama alidondosha mkasi, akashindwa kuuokota, akashindwa kutuambia kwa nini. Kiharusi. Miguu ilirudi, mkono ulirudi nusu, maneno hayakurudi. Sasa anakaa kwangu, kwenye kiti cha karibu na dirisha. Anatusikia vizuri, anatabasamu, anakushika mkono usiondoke. Binti yangu tunayemwita Kidoti, kwa ajili ya alama ya kidevuni, alikuwa mdogo mno wakati ule. Yeye anamjua bibi anayezungumza kwa macho tu.

Ubaya wa kumtamani mtu aliye mbele yako ni kwamba huna pa kusafiri kumfuata. Nikimchana mama nywele, nikimfunga vifungo, nilijaribu kuisikia sauti yake kichwani. Maneno yake niliyapata yote, hata utani. Lakini yalikuja kwa sauti yangu mimi.

Na kompyuta ilikuwa imegoma. Nilipoirudisha kwenye chaja na kubonyeza kitufe, taa ilimeta, feni ikavuma, skrini ikabaki nyeusi. Nikaogopa kubonyeza tena. Nikaiweka juu ya kabati na waya wake, betri ikijazwa muda wote, nikiamini kwamba ikikosa umeme hata kwa kufumba na kufumbua, mama atafutika.

Usiku ule wa giza ulinipa swali. Jioni iliyofuata nikamuuliza mwalimu, ambaye darasa zima tunamwita Bisibisi kwa sababu hakosi bisibisi moja nyuma ya sikio.

"Mwalimu, kompyuta iliyolala inakoroma?"

"Kwani imelala na nani?" akadakia mwanafunzi wa nyuma, na darasa likaangua kicheko.

Mwalimu hakucheka. "Imelala au imesinzia? Maana ni vitu viwili. Ikisinzia, mawazo yake bado yako kichwani, inahitaji umeme kidogo ili isiyasahau. Ukiuchomoa, yameyeyuka. Lakini ikilala fofofo, inaandika kila kitu kwenye hifadhi, kumbukumbu yake ya kudumu, halafu inazima kila kiungo. Hiyo hata uifungie sandukuni mwaka mzima, haisahau. Yako ilifanyaje?"

Nikamweleza.

"Basi imelala fofofo. Sauti ya mama yako haimo kwenye umeme, imo kwenye hifadhi."

"Na feni je?"

"Hapo ndipo penye uongo." Akavuta kiti. "Kila mashine ina programu ndogo ya kiwandani, ile inayoamka kwanza ukibonyeza kitufe. Kazi yake mojawapo ni kuvizima vifaa vyote wakati wa kulala, kimoja kimoja. Ya mashine ya aina yako ni mbovu. Vingine inaviacha nusu macho, halafu inaripoti kwamba vimelala. Ukija kuiamsha, inavikuta nusu macho, inadhani vimeshaamshwa, inakaa kuvingoja vijibu. Havijibu. Inaganda hapo kabla hata haijaigusa hifadhi."

"Miezi yote hii? Mbona haviishiwi nguvu?"

"Kwa sababu kuna mtu anavilisha."

Alisema taratibu, bila kunikejeli, lakini nilihisi uso umenichoma. Ule waya nilioulinda kama mboni ya jicho ndio uliokuwa umemfungia mama nje ya mlango.

Dawa yake, alisema, ni kutoa chaja, kufungua mgongo, kuchomoa betri, kisha kukibonyeza kitufe na kukishikilia ili umeme uliojificha ndani uishe. Vifaa vife kabisa. Ndipo urudishe betri na kuwasha.

"Ikikataa?"

"Sikufichi. Safari hii itafika kwenye hifadhi. Ikikwama katikati ya kusoma, itaona kilichomo kimeharibika, itafuta na kuanza upya. Na hifadhi ya mashine yako imegandishwa kwenye ubao wake mkuu wa ndani, siwezi kuitoa nikakutengenezea nakala."

"Basi njoo uichomoe wewe, mwalimu."

"Mimi? Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mama ni wako, mkono uwe wako." Akaitoa bisibisi nyuma ya sikio, akanipa.

Jumamosi mchana niliishusha mashine, nikaiweka mezani, nikaushika waya. Vidole vikakataa. Mume wangu akasimama mlangoni na utani wake wote umemkauka.

Nikapiga magoti mbele ya kiti cha dirishani. "Mama, sauti yako imo humu. Nikiuchomoa huu waya naweza kuipata, na naweza kuipoteza moja kwa moja. Nifanyeje?"

Akautazama waya. Akanitazama mimi, kwa jicho lile alilokuwa akiwatazamia wanafunzi wake wa cherehani wanaopima kitambaa mara saba. Kisha akauinua mkono wake mzima, akanyoosha vidole viwili, akavifungua na kuvifunga. Kata.

Nikachomoa.

Feni ikaendelea kuvuma kwa betri. Nikafungua mgongo, nikatoa betri, feni ikafa. Sikuwahi kujua chumba chetu kina kimya kikubwa hivyo. Nikakishikilia kitufe mpaka kucha ikawa nyeupe. Nikarudisha, nikafunga, nikawasha.

Nyeusi. Bado nyeusi. Mume wangu akaniwekea mkono begani. Halafu mstari mweupe ukatokea chini ya skrini: inarejesha. Ukatambaa, ukasimama, nami nikasimama nao. Ukatambaa tena.

Dirisha la kurekodia likafunguka kama tulivyoliacha Jumapili ile, na mawimbi yake ya sauti yamejipanga kama mshono wa zigizaga. Sikusikiliza kwanza. Nilihifadhi. Nikahifadhi mara ya pili, mahali pengine. Ndipo nikabonyeza.

"We mwanangu, kitu gani hiki unaniwekea mdomoni? Hakiumi?" Na kicheko. Ndicho hasa, kile kinachoanzia puani. Nilikuwa nimesahau kwamba kinaanzia puani.

Mama aliinamisha kichwa, akawa anajisikiliza. Midomo yake ikajaribu kulifuata neno, ikaliacha, ikajaribu jingine. Machozi yalimtoka, lakini alikuwa anatabasamu, upande ule unaoweza.

Kidoti alitoka chumbani mbio. Akasimama, akatazama huku na huku, akaipita mashine kama haioni. Akapanda mapajani kwa bibi yake, akamshika mashavu kwa viganja viwili, akamtazama mdomo.

"Bibi, sema tena."