Kiti cha 14, Kiti cha 15

Kwa misimu thelathini na mmoja nilikaa kiti cha 15, na Merle cha 14. Uwanja wa chuo chetu hapa Nebraska ulikuwa wa mabenchi ya mbao, kwa hiyo goti lake bovu lilinigusa kila Jumamosi ya mechi. Nilijua dawa zake, talaka ya bintiye na matusi aliyowawekea waamuzi. Jina la ukoo sikumuuliza. Ya nini, na Jumamosi ijayo yupo?

Mwaka huu wameuvunja uwanja huo. Kwenye uwanja mpya kompyuta imetugawia viti upya, ikatutawanya kama kuku.

Leo nimekwenda ofisi ya tiketi.

"Namtafuta Merle wa kiti cha 14, uwanja wa zamani," nikamwambia msichana wa dirishani.

"Haturuhusiwi kutoa habari za watu, bibi."

"Basi mpe namba yangu ya simu." Nikamsukumia karatasi.

Akanirudishia.

"Ujumbe pia hatupokei. Hata jana kuna mzee alikuja anachechemea, akataka kumwachia namba mama wa kiti cha 15. Tulimrudishia karatasi yake."