Risasi Alizozijaza Benjamini

Benjamini alifika Butiama na blanketi jipya, akalilaza mapajani mwa Mama Gati, mama yake Lameck, kana kwamba amekuja msibani. Lameck alikuwa hai, ameketi kwenye kigoda karibu na mlango, bandeji imemzunguka nusu ya uso. Chini ya bandeji ile jicho la kulia halikuwepo tena. Mimi nilikuwa nimetangulia kufika. Nilikuwa uani nachambua dagaa, nikamsikia Benjamini, bosi wangu, akieleza ajali kwa sauti ya kanisani: kijana alichomeka mtutu wa bunduki kwenye tope, hakuusafisha, akafyatua. Uzembe wa vijana, alisema, lakini kampuni imemsamehe.

Imemsamehe.

Tope gani? Ulikuwa mwezi wa nane, na huko Bunda hata ng'ombe walikuwa wanalamba vumbi.

Kambi yetu ya uwindaji ilikuwa nje ya mji huo. Lameck alikuwa msoma nyayo. Mimi nilijaza upya risasi za bunduki kubwa, zile za nyati, kwa maganda yaliyokwisha kupigwa. Kazi hiyo nilifundishwa na Isidori, mwindaji bingwa aliyeniachia meza yake alipostaafu. Anza na baruti kidogo, alinambia, pima kila risasi, kisha litazame ganda ukishapiga. Fataki, kile kidude cha kuwashia baruti kitakoni mwa ganda, ikiwa bapa, au bolti, komeo la bunduki, ikigoma kufunguka, bunduki imeshakwambia inatosha.

Msimu ule Benjamini alitaka risasi kali zaidi. Nilimwonyesha maganda ya majaribio, fataki zake zimelala bapa kama vifungo vya shati, nikamwomba tupunguze. Akacheka, akasema mgeni hatoki Ulaya kuja kusikia bunduki ikikohoa. Jioni alikaa mwenyewe mezani kwangu, akaongeza baruti. Nilimwambia risasi zile asimpe mtu yeyote.

Kesho yake alinituma Musoma kufuata vipuri vya gari. Nilikuwa bado njiani alipomkabidhi Lameck bunduki aijaribu. Shida, mpishi wetu, aliona yote. Alinisimulia kwamba Benjamini alisimama nyuma ya gari, ameziba masikio, akaamuru. Bunduki ilipasuka karibu na shavu la Lameck.

Kama hakuwa na wasiwasi na baruti yake, mbona alijificha nyuma ya gari?

Pale Butiama nilinawa mikono, nikaingia ndani. Mama Gati alinigeukia. Hakumwangalia mgeni wake tena.

"Mwanangu, wewe ndiye unajuaga hizi risasi. Kosa ni la Lameck?"

Lameck aliinamisha kichwa. Hapo ndipo hasira ilinipanda kweli, maana niliona ameshaanza kuamini.

"Hapana, mama. Lameck hana kosa. Bosi alizidisha baruti. Nilimkataza, akaendelea."

Benjamini alitamka jina langu polepole, Consolata, akanikumbusha kwamba mtu wa maneno kama hayo harudi kambini. Nikamwambia sikuwa na mpango wa kurudi.

Mama Gati alilikunja blanketi vizuri, pembe kwa pembe, akamrudishia.

"Mwanangu hana baridi," alisema.

Nilitoa maelezo polisi Musoma, na Shida akaja kuyathibitisha. Benjamini alifungiwa leseni msimu mmoja, basi. Jicho halina msimu. Leo Lameck anauza mbegu za pamba Manyamanyama. Ukimsalimia, anageuza kichwa chote ili akuone. Mimi nafuga kuku Bweri. Hakuna kambi iliyoniita tena. Nasikia wanasema mimi ni mwanamke wa kesi.

Mwaka huu nikapata habari kwamba Benjamini ameajiriwa kambi nyingine, mbali kusini, na kwamba bado anajaza risasi. Nikatafuta namba ya mwindaji bingwa wa huko, mtu anayeitwa Emanuel, ambaye hatujawahi kuonana. Nikampigia, nikamweleza yote, pamoja na zile fataki bapa. Nilitegemea atakata simu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema risasi za Benjamini atazitenga, hazitapigwa. Kisha akauliza kama Lameck anaona vizuri kwa jicho lililobaki.

Katika watu wote wa kazi yetu, huyo ndiye wa kwanza kuuliza.