Dakika Kumi Nyuma ya Kiti

Binti alipopata leseni ya kuongoza ndege kutoka mnarani, alipewa vituo viwili achague, jibu lifike kabla ya saa kumi alasiri ya Ijumaa. Cha kwanza kilikuwa nusu saa tu kutoka nyumbani: mnara mfupi, ndege nne kwa siku, na mbuzi waliokuwa wakikatiza njia ya kurukia bila kuomba ruhusa ya mtu. Cha pili kilikuwa safari ya siku mbili kwa basi, ndege zimepangana angani kama wateja wa benki mwisho wa mwezi. Ukishaingia popote, huhami kwa miaka mitano.

Hakuwa na la kufikiri. Mama alikuwa kitandani, ini limegoma, na daktari alishawaambia wahesabu miezi, tena wasihesabu mingi. Ijumaa hiyo akajaza mnara mfupi kwenye fomu ya simu, hajaituma bado. Kaka yake, kinyozi anayemaliza saa nzima kwa kichwa kimoja kwa sababu ya domo, akasema kumbe dada kasomea ndege ili aje kuchunga mbuzi. Mama akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaomba ile simu, akasoma.

"Miaka mitano," alisema. "Mimi nina miezi, mwanangu. Iliyobaki utakaa na nani?"

Binti akajibu atakaa na mbuzi. Hakuna aliyecheka.

Mama alijua jinsi waongoza ndege wanavyoachiana kiti mnarani zamu ikiisha. Alikuwa amesimuliwa mara nyingi. Unamtajia anayekupokea kila ndege uliyo nayo, naye anasema amepokea. Halafu huondoki. Unakaa nyuma yake dakika kumi, unatazama, hugusi kitu.

"Basi nikabidhi kwa kaka yako."

Binti alikataa mara mbili. Saa tisa na nusu akaanza, kwa sauti ile tambarare ya kazini, akimtazama kaka tu. Kidonge cheupe asubuhi kabla ya chai, cha manjano jioni. Miguu ikae juu ya mto. Uji usitiwe chumvi. Homa ikipanda akauliza kama baba amerudi, asiambiwe tena kwamba baba alikufa. Aambiwe yuko njiani. Mama alisikia yote, akageukia ukuta.

Kinyozi, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuishiwa maneno, alitafuta mzaha akaukosa.

"Nimepokea," alisema, akaketi kwenye kiti cha kando ya kitanda.

Binti akabadili jina la kituo, akatuma, akakaa kwenye kigoda nyuma ya kaka yake. Mto wa miguu ulikuwa umeteleza. Akanyoosha mkono.

"Usiguse," mama alisema, bado ameuelekea ukuta.

Akaurudisha mkono mapajani. Kaka alichelewa kuuona ule mto. Alipouona aliuweka vibaya, akautoa, akauweka tena. Binti akatazama saa ya ukutani. Zilibaki dakika sita.