Ripoti ya Uwanja wa Malori

Ukiona shemeji amekuchinjia kuku wawili na si sikukuu, ujue kuna jambo. Mpimaji alilishuku jambo hilo tangu alipoingiza gari lake uani, lori la kokoto likaja likasimama nyuma yake, dereva akazima injini na kwenda kujinyoosha kivulini kama mtu asiye na safari. Gari likabanwa kati ya lori na ukuta.

"Usijali, shemeji," mwenyeji wake alimwambia huku akimvuta mkono kumwingiza ndani. "Kula kwanza. Lori litaondoka."

Litaondoka saa ngapi, hakusema.

Kazi ya mpimaji haikuwa ile ya mipaka na mawe ya kona. Yeye alipima kilichomo ardhini: mafuta yaliyomwagika, dawa zilizozikwa, uchafu ulioachwa na viwanda vilivyofungwa. Mtu akitaka kununua kiwanja kilichowahi kutumiwa na kiwanda, humwita achimbe, achukue udongo na maji, apeleke maabara, kisha amwandikie ripoti. Nyumbani kwao walimwita Bwana Udongo. Mama yake aliwaambia watu kwamba mwanawe kasoma miaka yote ile ili aje kunusa matope, na alilisema hilo kwa majivuno, akisubiri waulize zaidi.

Mama huyo sasa alikuwa ameketi pale pale sebuleni, kwenye kiti cha dirishani, kwa mkwewe. Nyumba yake aliiuza ili kumwongezea binti yake fedha za kununua mahali hapa. Binti na mumewe nao waliuza ya kwao. Wote wakahamia kwenye kiwanja hiki kikubwa chenye banda kuukuu la mabati, wakawa wanaishi kwenye vyumba vilivyokwisha huku vingine vikiwa kuta tupu.

Vyombo vilipoondolewa, shemeji aliweka mezani karatasi moja, kalamu, na ripoti nene yenye jalada la bluu.

"Ni jambo dogo," alisema. "Jambo dogo sana, wala halina uzito. Benki wamekubali kutupa mkopo wa kumalizia ujenzi. Wanataka ripoti ya udongo. Nikawaambia ninayo, tena kaiandika shemeji yangu mwenyewe, na kwa kazi hiyo hapa mjini hana mpinzani. Wakasema iliandikwa kwa ajili ya kampuni ya malori, kwa hiyo mwandishi atoe barua kwamba na sisi tunaweza kuitegemea. Barua nimeshakuchapia. Wewe saini tu."

Mpimaji alikijua kile kilemba cha ukoka alichokuwa akivishwa. Hata hivyo hakuigusa barua. Alikuwa anaitazama ripoti, na jina lake lililokuwa juu ya jalada. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika tangu wahamie, na kwa kuta hizi mpya hakuwa amepatambua mahali alipopima mwenyewe.

"Hii umeipata wapi?"

"Kwa dalali. Nilipoona jina lako, nikasema hapa hata maswali siulizi."

"Mbona hukunipigia simu?"

"Nikupigie nikuulize kama kazi yako ni nzuri? Si ningekuwa nakutukana, shemeji?"

Jamani, kuna heshima nyingine ni balaa. Hawa hawakuwa wajinga. Wangekuwa wananunua ng'ombe, wangemfungua mdomo wakamwangalia meno. Lakini jina la mtu wa nyumbani liliwafumba macho, wakauziwa mbuzi kwenye gunia, kisa gunia limeshonwa na ndugu yao.

"Uliisoma yote?" mpimaji aliuliza.

"Palipo na maana nilisoma. 'Hakuna uchafuzi unaozuia matumizi yaliyokusudiwa.' Nimekariri hadi nukta."

"Matumizi yaliyokusudiwa yalikuwa kuegesha malori."

Ilibidi awaeleze polepole, kama anayemtoa mtu mwiba. Hapa zamani palikuwa karakana ya nguzo za umeme. Nguzo zilichovywa kwenye dawa ili mchwa wasizile, na dawa hiyo si ya kuchezea. Kampuni ya malori ilitaka kumwaga zege uwanja mzima na kuegesha magari juu yake. Hakuna ambaye angelala hapa, hakuna ambaye angelima wala kunywa maji ya hapa. Wakamwambia apime upande wa mbele, wanakotaka kujenga gereji. Nyuma ya banda kulikuwa na rundo la nguzo mbovu, hapapitiki, nao wakasema hakuna haja, zege litafunika. Yeye akaandika wazi kabisa kwamba nyuma ya banda hapakupimwa. Kisha kampuni ikaghairi kununua, na ripoti ikabaki inazurura mjini mpaka ikaangukia kwa dalali.

"Nyuma ya banda?" Dada yake alikuwa amesimama mlangoni, mtoto wake mdogo kiunoni. "Si ndiko tulikochimba kisima?"

"Na fundi hakupata shida hata kidogo," shemeji alisema, lakini sauti ilikuwa imepungua. "Alisema udongo wa pale ni laini, unachimbika kama unga."

Mpimaji aligeuka kutazama upande wa banda. Udongo laini mahali kama hapo maana yake paliwahi kuchimbwa shimo, likafukiwa. Kilichofukiwa humo ni nini, hakuna anayejua mpaka apime. Neno hilo lilimfika midomoni, akalimeza.

"Kwa hiyo maji yetu ni mabaya?" shemeji aliuliza.

"Sijasema hivyo."

"Basi ni mazuri."

"Hilo nalo sijasema. Sijui."

"Wewe ndiye mtaalamu, halafu hujui?"

"Sijui kwa sababu sikupima pale."

"Sawa. Kama hujui kuna ubaya, andika hakuna ubaya. Tofauti iko wapi?"

Mpimaji alicheka, kicheko cha mtu aliyeshikwa pabaya. Tofauti aliijua, ndiyo kazi yake, na bado hakupata namna ya kuieleza ikaeleweka mbele ya watu waliokalia kuti kavu. Akisaini, benki itaamini jambo ambalo yeye mwenyewe halijui, na likija kuharibika, ofisi itafungwa na jina litachafuka. Akikataa, mkopo hautoki, na hizi kuta tupu zitanyeshewa mpaka zianguke. Akisema apime kwanza, na majibu yakaja mabaya, kiwanja hakiuziki, nyumba mbili zimekwenda, mama hana pa kulaza ubavu. Aligeuza huku, akageuza kule. Kila alikogeukia alikuta uso wa mtu wake.

"Saini, mwanangu," mama yake alisema kutoka dirishani. "Mdogo wako atahamia wapi na watoto? Saini leo, utakuja kupima polepole, bila kelele. Na maji ni safi, hata chumvi hayana. Mimi mwenyewe nayanywa."

Shemeji mtu unaweza kumbishia mpaka koo likauke. Mama je? Mpimaji aliichukua kalamu. Na tusimpambe, alikuwa anasaini. Alishaanza kujifariji kwamba huenda lile rundo lilikuwa nguzo tu, huenda matangi ya dawa yalikuwa upande mwingine, huenda fundi wa kisima alipita pembeni ya shimo. Wangapi wanaishi juu ya mabaya kuliko haya, na wanazeeka? Alivuta barua karibu. Aliona aibu, tena aliona nafuu, na nafuu ilikuwa kubwa kuliko aibu.

Mtoto akaanza kulia kiu. Dada alimketisha juu ya meza, mbele ya mjomba wake, akamimina maji kutoka kwenye jagi ndani ya kikombe cha plastiki chenye masikio mawili. Mtoto akakidaka kwa pupa, akakipeleka mdomoni.

Mkono wa mpimaji ukaenda wenyewe, ukafunika kikombe.

Mtoto alidhani ni mchezo. Akavuta, akacheka. Mjomba hakuachia.

"Kaka," dada yake alisema. "Si umesema hujui?"

"Ndiyo. Sijui."

"Basi toa mkono."

Aliutazama mkono wake. Alitaka kweli kuutoa, kwa ajili ya dada, kwa ajili ya mama, kwa ajili ya amani ya mchana ule. Haukutoka. Vidole vilikaa pale pale juu ya kikombe, na mtoto sasa aliacha kucheka, akaanza kukasirika.

Shemeji ndiye aliyeinuka. Hakupiga kelele, wala hakulaumu. Alivibandua vidole vya mwanawe kwenye kikombe, kimoja baada ya kingine, akakiweka kikombe mbali. Kisha aliichukua ile barua aliyoichapa mwenyewe, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Kapime," alisema. "Chochote kitakachotoka, kapime."

Mpimaji aliweka kalamu chini. Vichupa vya kuchukulia maji vilikuwa kwenye gari, siku zote vilikuwa kwenye gari, lakini hakuinuka. Mama yake alikuwa ameshika shavu, anatazama nje, upande wa banda. Mtoto alikuwa anapiga mayowe, anataka kikombe chake. Dada alimbeba, akamkumbatia kifuani kwa nguvu kupita kiasi.

"Anayanywa tangu tuhamie," alisema. "Uji wake ni maji hayo, maziwa yake ni maji hayo. Ninampa mimi, kwa mkono wangu. Na akibakisha, kaka, huwa namlazimisha amalize."